Kigoda cha Miguuni

Mama,

Tumeshinda. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: hukuwa na subira na mtu anayezungukazunguka na salamu kabla ya kusema kilichomleta. Hali yako sitaiuliza. Yangu utaiona mwenyewe ninavyoendelea kuandika. Ni Jumapili mchana, nimetoka kanisani, nimekaa nyuma ya duka pale ulipokuwa ukichambulia maharagwe, na mbele yangu kuna kikombe cha chai ambacho dada yangu Nyambura amekitia sukari kupita kiasi, kama kawaida yake.

Nikupe ya nyumbani kwanza. Duka liko wazi. Nyambura amelipaka rangi ya kijani, rangi ambayo ungeikataa ukiwa bado hujaiona, lakini watu wa Kimumu wameipenda. Mafuta ya taa ameyahamisha mbali na mkate, jambo mlilobishania miaka yote, na naomba huko uliko ukubali tu kwamba alikuwa na haki. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, mkaidi kama mama yake. Mahindi yaliyokuwa yamefika magotini tulipokuzika sasa tunayaanika uani, na kuku wa jirani wanayala kwa bidii kuliko sisi wenyewe. Nyumba ina kelele, lakini si kelele zako. Asubuhi hakuna anayenigombeza kwa sababu ya viatu, nami naviacha mlangoni makusudi, nikingoja.

Sasa nikuambie tulichoshinda.

Chumba cha dharura pale kazini kwangu wewe ulikiona mara moja tu, na hukuwa na nafasi ya kukitazama. Kina kitanda cha magurudumu, pazia, mtungi wa oksijeni, picha ya Mtukufu Rais ukutani, na mlango wenye komeo kwa ndani. Tangu nilipoajiriwa kazi ilikuwa hivi: mgonjwa akiletwa, moyo umesimama au pumzi zinakatika, jambo la kwanza ni kuwatoa jamaa zake. La pili ni komeo. Halafu ndipo tunaanza kumbonyeza kifua na kumpa hewa. Na kwa kuwa watu wetu hawakubali kufungiwa nje ya mgonjwa wao, ilibidi mmoja wetu amwache mgonjwa aende kusaidia kuegemea mlango. Tulimwita mtu wa mlango. Siku mbaya walikuwa wawili. Hatukuona ajabu yoyote. Ndivyo tulivyofundishwa, na waliotufundisha ndivyo walivyofundishwa.

Siku ile nilisikia honi ya pikapu ya kinu cha posho, nikatoka na machela kama ninavyotoka siku zote, nikakuta ni wewe juu ya magunia, kitambaa cha kichwa kimekutoka. Najua nilishika machela. Najua nilisukuma. Najua tulifika ndani na nikaanza kukufungua vifungo vya sweta, vile vidogo ulivyovishona mwenyewe na ambavyo havikuwahi kutoshana na matundu yake. Ndipo Barasa akanishika bega. Huyu Barasa ni ofisa wetu wa kliniki, yule mrefu ambaye wagonjwa wote humwita daktari naye amechoka kuwakatalia. Akasema, "Wangari, leo wewe si sista. Leo wewe ni jamaa. Toka nje." Mzee Kiptoo, soja wetu wa mlangoni, ambaye mimi ndiye humpelekea chai asubuhi, akanitoa kwa mikono yake miwili. Komeo likafungwa.

Nikaketi kwenye benchi la jamaa. Mama, lile benchi ni gumu. Nilisikia kila kitu na sikuelewa chochote, mimi niliyesomea mambo hayo. Nilisikia mfuko wa hewa ukibonyezwa. Nikasikia chuma kikianguka sakafuni. Nikasikia Barasa akihesabu, halafu hakuhesabu tena. Komeo likafunguliwa, nikaziona nyuso zao, basi.

Sikulalamika kwamba umekufa. Presha ilikuwa imekuwinda siku nyingi, nawe ulikuwa ukizificha dawa nyuma ya kopo la majani ya chai ukidhani sisi hatuoni. Kilichoniuma ni kwamba sikujua dakika zako za mwisho zilikuwaje. Uliogopa? Ulinitafuta kwa macho? Mimi ni binti yako, na nilikuwa nyuma ya ubao tu, nikiwa nimevaa sare ya hospitali ileile, na sikujua. Ukimya huo ulilala nami kitandani.

Nilirudi kazini baada ya matanga nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha maji. Nikaanza kuuliza. Kuuliza si ujinga, na mtu aliyefiwa huvumiliwa, kwa hiyo nilimwuliza kila mmoja swali lilelile: kwa nini jamaa asiingie? Kwa nini asikae humo ndani akaona?

Usingeamini majibu niliyopata. Barasa alikuwa mkali tangu mwanzo. "Umewahi kusikia ubavu ukivunjika? Sasa mtoto akisikia wa mamake umevunjika, atasema sisi ndio tulimuua. Tutapigwa hapa, Sista." Daktari wetu kijana, aliyetoka chuo juzi, aliniambia ukweli kwa sauti ya chini, kwamba mkono wake hutetemeka hata Matroni, mkuu wa manesi, akimtazama, sembuse mama mzazi wa mgonjwa. Sista Phoebe, mkubwa wetu kwa umri, alisema pazia ni heshima. Mtu aliyevuliwa nguo, mate yanamtoka, hapaswi kuonwa hivyo na watoto wake. Hilo nilitembea nalo siku mbili nzima kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nikakuwaza wewe, ulivyokuwa ukijifunika hata mbele yangu. Halafu nikamwuliza, je, kama ni wewe umelala pale, ungependa nani awe karibu? Akanitazama, akaendelea kukunja mashuka. Alipoyamaliza akasema, "Binti yangu wa Kitale. Lakini asimame upande wa miguu."

Mwingine alisema watazimia tuwe na wagonjwa wawili. Mwingine alisema wataomba kwa sauti. Mwingine, na huyu simtaji, alisema wataona makosa yetu. Na Mzee Kiptoo, ambaye sikumwuliza kwa sababu nilikuwa bado nimemkasirikia, alinifuata mwenyewe akakunja mkono wa koti lake. "Angalia hii. Hii ni meno ya mtu. Mimi nimechoka kushika mlango, Sista. Kama iko mtu anataka kuingia, aingie tu, mimi niende nikakae." Ndiye aliyekuwa wa kwanza upande wangu, na sababu yake ilikuwa ni kuumwa. Nilimpokea hivyohivyo.

Ulinifundisha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaenda kwa Matroni, yule uliyesema anatembea kama anayekagua gwaride. Sikumlilia. Nilimwambia kitu kimoja tu: tuko wachache, na kila mgonjwa anapokata roho, mmoja wetu au wawili wanahangaika na mlango. Jamaa mmoja akiingia, wale wengine hawana sababu ya kuuvunja, maana wana mtu wao ndani. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone, eti?" Nikasema ndiyo, Matroni. Akakubali tujaribu: jamaa mmoja, aketi, asiguse kifaa chochote, na sista asimame naye kumweleza kila kinachofanyika. Akaongeza, kwa jinsi mambo yalivyo siku hizi, "Na ikiharibika, Wangari, ilikuwa yako. Mimi sikujua."

Aketi wapi sasa? Kichwani yupo anayetoa hewa. Kifuani yupo anayebonyeza. Mikononi yupo wa dripu na sindano. Miguu ndiyo pekee haina mwenyewe. Nikaenda jikoni nikaomba kigoda cha kumenyea viazi, nikakisugua kwa sabuni, nikakiweka miguuni pa kitanda. Barasa alikitazama kama aliyewekewa jiwe njiani.

Sasa cheka kidogo, Mama, kwa sababu mwanzo wetu ulikuwa kituko.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Soy aliyevamiwa na nyuki akikata mti. Alikuja amevimba koo, mapigo yanapotea. Nje wamejaa ndugu na majirani, mama yake analia, mke wake, bado msichana, amemshikilia. Nikatoka nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa, "Chagueni mtu mmoja atakayeingia." Nikajiona nimefanya jambo kubwa. Nilichosahau ni kwamba watu wetu ukiwaambia wachague mtu mmoja, wanajua tayari namna ya kuchagua. Wakakaa kando wakashauriana kama wanaopeleka posa. Wakamtoa msemaji wa ukoo! Mzee mmoja, baba mkubwa wa kijana, ana koti na kofia na fimbo, yule anayesimama kwenye mahari na kwenye mashamba yenye kesi. Mama mzazi akabaki nje.

Mzee akaingia, akavua kofia, akaanza kutusalimia kwa mkono mmoja mmoja. Alifika hadi kwa Barasa aliyeshika sindano, akangoja mkono wake. Nikamwonyesha kigoda; akakikataa, maana msemaji haketi. Akakohoa. "Kwa niaba ya familia na majirani wote wa Soy, tunashukuru serikali na madaktari." Barasa akapiga kelele, "Mzee, kaa chini!" Mzee akafumba macho, akaingia kwenye sala, sala ndefu iliyotaja hata mvua. Bahati nzuri dawa haingoji amina. Kijana akavuta pumzi, akakohoa, akafumbua macho akamkuta baba yake mkubwa amesimama miguuni na kofia kifuani, na nadhani aliamini amekwisha kufika mbinguni na kukuta kamati.

Alipona. Hilo lilikuwa zuri. Lakini mzee alipotoka aliwanyamazisha watu kwanza, akaanza kueleza habari tangu mlangoni, nani alisimama wapi, nani alishika nini, na mama wa kijana bado hajui kama mwanawe yu hai au la. Alianguka kabla mzee hajafika katikati. Tukampokea, tukamlaza.

Wiki nzima nilichekwa. Barasa akasema, "Sista, umetuletea mkutano wa hadhara. Next time walete na kwaya." Matroni akaniita ofisini. "Tumejaribu. Inatosha." Nikamwambia hapana, Matroni, kosa si la jamaa, ni la swali langu. Niliwauliza nani awawakilishe, wakanipa mwakilishi. Nipe nafasi moja tu, nibadilishe swali. Sijui kama ni uso wangu alioutazama au ni kile kitambaa cheusi nilichokuwa nimekibandika begani kwa ajili yako. Akasema moja tu.

Swali nililipata nikiwa hapahapa dukani, nikimwangalia Nyambura akinimiminia chai. Likawa hili: "Nani alimpa chai asubuhi?" Halihitaji kikao. Katika kila nyumba jibu ni mtu mmoja, na mtu huyo anajijua.

Nafasi yangu ilikuja na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeanguka darasani akiwa ameshika chaki. Waliomleta walikuwa walimu wenzake, na nyuma yao kanisa zima la kina mama. Nikatoka. Nilijua, huyu akiharibika na mimi nimekwisha. Nikauliza, "Nani alimpa chai asubuhi?" Umati ukapasuka wenyewe katikati. Mama mfupi, mikono ina unga wa chapati, akasema, "Mimi."

Nikaingia naye. Akaketi pale nilipomwonyesha. Nikasimama nyuma yake, mkono begani kwake, nikamwambia kila kitu kwa maneno ya nyumbani. Huyu anampa hewa. Huyu anausaidia moyo upige. Ile sauti ni ubavu, hutokea, haimaanishi wanamuumiza. Sasa wanaingiza dawa. Hakupiga yowe. Hakuzimia. Alimvua mwalimu viatu, kisha soksi moja, na ya pili alipoifikia akaona ina tundu kidoleni. Mama, alilifunika lile tundu kwa kiganja, haraka, kama kwamba sisi pale tungemcheka mume wake. Akaiacha hivyo. Akaushika mguu na soksi yake akausugua. "Mwalimu, niko hapa. Watoto wamefika nyumbani. Niko hapa." Alirudia hayo tu, kwa sauti ya mtu anayeongea jikoni.

Sikuwahi kukiona chumba kile kikiwa hivyo. Hakuna aliyegombeza mwenzake. Hakuna aliyetupa kitu sakafuni. Yule daktari kijana mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Na mtu wa mlango? Hakuwepo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na Mzee Kiptoo alikuwa ameketi nje na watu wa kanisa wakimpa njugu.

Moyo wa mwalimu ulikataa. Barasa alimbonyeza mpaka shati likamganda mgongoni. Kwa kawaida ikifika hapo husema neno lake kwa Kiingereza, tunaandika saa, mtu anatumwa nje kuwaambia. Siku ile aliacha, akatazama huku miguuni, akaja akachuchumaa mbele ya yule mama. "Mama, tumejaribu yote. Amekataa." Yule mama akamtazama yeye badala ya maiti. "Nimeona, mwanangu. Umetoa jasho."

Akamvisha mume wake soksi na viatu, akafunga kamba vizuri. Halafu akatoka mwenyewe. Hakututaka tumtangulie. Nilikuwa nyuma yake aliposimama mbele ya umati ule na kusema, "Mwalimu ametuacha. Wamempigania. Nimeona kwa macho yangu, na mimi nilikuwa naye." Hakuna aliyeurukia mlango. Hakuna aliyeuliza tumemfanya nini. Walilia, ndiyo, walilia sana, kisha mmoja akaanzisha wimbo, na yule mama akauimba mpaka mwisho akiwa amesimama wima. Mimi nilikimbilia chumba cha mashuka nikalia huko, na Mama, nakuapia nilikuwa ninalia kwa furaha. Mtu amekufa na mimi nina furaha! Nilidhani nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa nimeona kitu kinawezekana ambacho wote waliniambia hakiwezekani.

Matroni akaitisha kikao kwenye korido ya kufulia. Akasema jambo hili liamuliwe na wanaolifanya, na kwa namna ya siku hizi, yaani mlolongo. Anayetaka jamaa waingie apange nyuma ya Wangari. Asiyetaka apange nyuma ya Barasa. Unakumbuka siku ya kura tulivyopanga mlolongo uwanjani, wewe ukauliza kwa sauti kubwa mbona mstari wetu mrefu umeshindwa na ule mfupi, nikakukanyaga mguu unyamaze? Nilikuwa na hofu ileile. Nikasimama ukutani nimefumba macho. Nilisikia viatu. Nilipofumbua, nyuma yangu alikuwa Sista Phoebe, nyuma yake daktari kijana, nyuma yake Mzee Kiptoo ambaye kusema kweli si mfanyakazi wa wodi na hakuitwa, na mstari ulipinda kona ukaelekea kwenye ndoo za kufulia.

Nyuma ya Barasa walikuwepo wachache, wamejikaza. Matroni akaanza kuhesabu. Ndipo Barasa akatoka mbele ya mstari wake, akatembea polepole, akapita karibu yangu bila kuniangalia, akaenda kusimama mwisho kabisa, kule kwenye ndoo. Mstari wake ukabaki hauna kichwa. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mtu mmoja akapiga kigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia. Matroni akasema mstari mrefu ndio ulioshinda, "na hapa kwangu mrefu ni mrefu." Kila mtu alielewa, na kila mtu akajifanya hakuelewa.

Tumeshinda, Mama. Sasa ni kawaida ya chumba. Jamaa huulizwa. Asiyetaka kuingia haingii, na hakuna anayemlaumu, maana wapo wasioweza. Anayetaka, kigoda kipo.

Lakini hilo silo lililonifanya nikae leo nikuandikie.

Baada ya kikao, wakati wa chakula cha mchana, Barasa alinifuata kwenye kibanda cha chai nyuma ya hospitali. Aliagiza mandazi akaanza kuyakata vipande bila kula. Akaniambia kuna jambo langu analo tangu siku yako. Nikaweka kikombe chini.

Alisema ulirudi. Kidogo tu. Moyo ulipiga wenyewe, ukafumbua macho, na chumba chote kikashusha pumzi kikidhani tumekupata. Ukapapasa, ukaukamata mkono wake. Ukasema kwa Kikuyu, na Barasa ameishi Kimumu na Wakikuyu kiasi cha kuyajua maneno ya chakula, kwa hiyo alielewa. Ulisema, "Wangari, mikono yako ni baridi. Umekula?"

Alitaka kuniita. Alitazama mlango, akaona kwamba hadi aufungue, wewe ungekuwa umekwisha kwenda. Akainama akakujibu kwa Kikuyu chake hicho. Nimekula, Mama. Ukasema haya basi, kama unavyosema ukiridhika, ukafumba macho, na moyo haukurudi tena.

Ndiyo sababu alinipinga, akasema. Kila nilipotaja jamaa waingie, aliuhisi mkono wako ndani ya wake. "Ule mkono haukuwa wangu kuushika, Wangari. Ulikuwa wako. Sikujua nitakuambiaje." Mwanamume mzima, analia juu ya mandazi, na mwenye kibanda anajifanya anachochea moto.

Sikumkasirikia. Nilitaka, nikatafuta hasira yangu yote niliyotembea nayo, sikuipata. Nilimshika ule mkono wake. Ni mkubwa kama sepetu, Mama, una sugu na nywele. Ulidhanije ni wangu? Nimelifikiria hilo njia nzima na nimecheka peke yangu barabarani. Labda macho yalikuwa yamefifia. Au labda ulijua kabisa ni wa nani, ukaona huyu ndiye aliyepo na huyu ndiye atakayenifikishia. Ingekuwa tabia yako hasa.

Basi sasa najua. Hukuogopa. Ulikuwa unaniuliza kama nimekula.

Lala salama, mama yangu, na usalimie watu wetu walio huko. Nakuahidi hivi: maadamu ninavaa sare hii, na nikiivua nitakuwa nimewafundisha wanaobaki, hakuna mzazi atakayejibiwa na mtu mwingine huku mwanawe yuko hapo nje. Na kwa swali lako, siku ile jibu la Barasa lilikuwa la uongo. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nyambura ameniwekea githeri ya mahindi yetu na maharagwe hapa kando ya kikombe, nimesimamisha kalamu mara mbili kuila, na sahani sasa imebaki tupu.

Nimekula, Mama.

Binti yako,
Wangari